Safari za Mpira Katika Kilosa na Mikumi

Kitabu hiki cha kumbukumbu kimejaa, kama ipasavyo, habari za mazao, mizani, maghala na hesabu zilizokaguliwa. Ni haki iwe hivyo, maana ni kwa mambo hayo Umoja wetu umetimiza miaka kumi. Hata hivyo kurasa chache zimetengwa kwa habari nyingine, nayo ni habari ya watu wa wilaya yetu waliozifuata timu zao za mpira wa miguu kwenda kucheza ugenini, kwa gari la moshi, kwa lori, kwa baiskeli na kwa miguu. Najua wapo ndugu wanachama watakaouliza kandanda ina uhusiano gani na ushirika wa wakulima. Nawajibu kwamba hapana mkutano mkuu uliopata kuwatoa watu majumbani mwao kwa hiari, bila posho na bila kuitwa mara mbili, kama mchezo wa ugenini wa timu ya kijiji. Tena yafaa tukumbuke kwamba vijana wengi wa kwetu walianza kuchanga senti zao katika mfuko mmoja, kumchagua mtunza fedha na kumdai hesabu, kwa ajili ya nauli ya mpira, kabla hawajafikia umri wa kununua hisa katika chama cha msingi.

Sisemi habari za Simba na Yanga. Vilabu hivyo vina waandishi wao, wala havikosi watu wa kuvisifu na kuvitukana. Nasema habari za timu za ngazi ya chini, zile zinazocheza ligi ya wilaya, na zikijaliwa hushinda na kupanda ligi ya mkoa, na bingwa wa mkoa ndiye anayekwenda kupambana na mabingwa wa mikoa mingine kutafuta nafasi katika madaraja ya taifa. Katika ngazi hizi hapana fedha ya televisheni wala mdhamini wa kudumu. Timu ikipangiwa kucheza mbali, nauli yake imo mifukoni mwa wale wanaoipenda, na kama haimo humo haimo mahali pengine popote.

Mpira wenyewe ulifika pwani kwanza. Katika shule ya misheni ya Kiungani, Unguja, vijana walikuwa wakiucheza tangu mwishoni mwa karne ya 19, na walimu waliotoka katika shule za namna hiyo waliuchukua kwenda nao bara pamoja na vitabu na chaki. Lakini katika Kilosa kitu kilichoupa mpira miguu ya kwenda mbali ni reli. Wajerumani walianza kuijenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ikafika Morogoro mwaka 1907, ikavuka mbuga ya Mkata, ikapita Kimamba na Kilosa, ikafuata bonde la mto Mkondoa kupanda kwenda Ugogo, na mwaka 1914 ikafika Kigoma. Kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro kwa reli ni kilomita zipatazo 200, na kutoka Morogoro hadi Kilosa ni kadiri ya 80 nyingine. Kwa mtu wa miguu mwenye mzigo hiyo ilikuwa safari ya siku tatu au nne. Kwa gari la moshi ikawa safari ya kuanza na kumaliza siku ileile.

Penye stesheni palikuwa na wafanyakazi wa reli: makuli, mafundi, makarani na watu wa ishara, nao walikuwa watu waliopata mshahara kila mwezi na siku ya mapumziko kila juma. Watu wa aina hiyo ndio wanaoweza kuunda timu. Mkulima naye ana nguvu na ana miguu, ila mapumziko yake hupangwa na mvua. Haishangazi basi kwamba katika miji mingi ya reli ya Tanganyika mpira ulishika mizizi kando ya stesheni kabla haujaingia vijijini. Wala haishangazi kwamba baadaye sana timu ya Reli ya Morogoro, timu ya wafanyakazi hao, ilipanda hadi ligi ya juu ya taifa na ikapewa jina la Kiboko ya Vigogo, kwa jinsi ilivyowasumbua wakubwa wa Dar es Salaam.

Gari la moshi lilikuwa na sheria yake, na sheria hiyo iliwafundisha washabiki mambo mengi. Halikumsubiri mtu. Mwamuzi akichelewa kupuliza kipenga cha kuanza, au mpira ukipotea majanini, hasara ilikuwa ya wageni, kwa maana treni ya kurudi ilikuwa na saa yake. Na kama treni ilipita usiku wa manane, wageni walilala. Hapo ndipo ilipozaliwa desturi ambayo wazee wa stesheni zote wanaijua: timu ya wenyeji huwapa wageni mahali pa kulala, iwe darasa la shule au baraza la mtu mwema, na huwapikia chakula cha jioni, hata kama saa mbili kabla walikuwa wakirushiana matusi ya kiwanjani. Deni hilo halikuandikwa popote, lakini lililipwa siku ya marudiano. Timu iliyowalaza wageni wake na njaa ilijua kwamba zamu yake itafika.

Baada ya reli, mkonge. Mashamba ya Kimamba, Rudewa na mengineyo yaliyoizunguka Kilosa yaliwaleta watu kutoka kila upande wa nchi na nje yake: Wabena, Wanyamwezi, Wamakonde, Warundi na wengine, wakakaa katika makambi karibu na wenyeji Wasagara na Wakaguru. Kazi ya mkonge ilikuwa ngumu na ujira wake mdogo, wala sitaki makala haya yaipake rangi nzuri. Lakini Jumapili kiwanja cha shamba kilijaa watu, na timu ya shamba ilipokwenda kucheza katika shamba jingine, kambi nzima ilihama nayo, na ngoma, na watoto mgongoni. Hapakuwa na swali la nauli: watu walitembea kwa miguu kupitia njia za katikati ya mistari ya mkonge, au walipanda magari ya shamba kama bwana wa shamba alikuwa katika hali njema. Katika safari hizo mtu aliyetoka Songea na mtu aliyetoka Kigoma walijikuta wakishangilia upande mmoja. Nadhani kwa wengi wao ilikuwa mara ya kwanza kusema neno "sisi" bila kuwa na maana ya kabila.

Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, mengi ya mashamba hayo yalitaifishwa. Bei ya mkonge katika dunia ilikuwa imekwisha kuanguka kwa ajili ya nyuzi zinazotengenezwa viwandani, na uzalishaji wa nchi, ambao katikati ya miaka ya 1960 ulipita tani 200,000 kwa mwaka, ukashuka mwaka hata mwaka. Kambi zilipopungua watu, na timu za mashamba zilinyauka. Viwanja vingine viliota majani, vingine vikalimwa mahindi.

Hapa lazima nitaje njia ya tawi. Mwaka 1960 reli ilitoka Kilosa ikaenda kusini hadi Mikumi, na mwaka 1965 ikafika Kidatu, kwenye ukingo wa Ruaha Mkuu, palipokuwa na mashamba mapya ya miwa ya Kilombero. Kwa wapenda mpira, njia hii iliziunganisha nchi mbili zilizokuwa hazijuani sana: Kilosa ya mkonge na pamba, na Mikumi, Kidodi na Ruaha za miwa na barabara. Kati ya Kilosa na Mikumi kuna kijiji kinachoitwa Ulaya. Jina hilo limewapa watu wetu furaha isiyokwisha. Wachezaji wa Kilosa walikuwa wakijisifu kwamba wao wamecheza Ulaya tangu zamani, na kijana aliyepigwa mabao huko alirudi akisema kwamba Ulaya hakuchezeki. Mzaha huu ni wa zamani kuliko wachezaji wengi wanaokwenda Ulaya ile nyingine leo, na naomba radhi kwa wale wa Ulaya yetu, ambao wameusikia mara nyingi kupita kiasi.

Sasa niseme juu ya majira, kwa kuwa msomaji wa kitabu hiki ni mkulima naye ataelewa upesi. Katika ukanda huu wa mashariki pamba hupandwa mvua za masika zinapoanza, na huvunwa kuanzia Julai na kuendelea. Kituo cha utafiti cha Ilonga, kilichoanzishwa mwaka 1943 karibu na Kilosa, kimeshughulika kwa miaka mingi na zao hilo na mazao mengine yetu. Masika barabara za udongo huwa tope, mito hufurika, na mtu mwenye jembe hana nafasi ya kuifuata timu. Kisha mavuno huuzwa, fedha hupatikana, barabara hukauka. Kwa hiyo safari kubwa za mpira zilikuwa kati ya Agosti na Oktoba, wakati mkulima alipokuwa na shilingi mfukoni na vumbi njiani. Mahali ambapo malipo ya pamba yalichelewa, timu nayo ilibaki nyumbani. Ofisa yeyote wa ushirika anayetaka kujua kama wakulima wamelipwa kwa wakati angeweza kusimama kando ya barabara siku ya mchezo na kuhesabu watu waliomo ndani ya lori.

Lori, basi, ndilo lililochukua nafasi ya gari la moshi. Vyama vikuu vya zamani vilikuwa na malori ya kusomba mazao, na katika Tanganyika yote ilikuwa jambo la kawaida gari lililopeleka magunia kurudi na watu juu yake. Mwaka 1976 Serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika, kazi zao zikachukuliwa na mamlaka za mazao na mashirika ya umma. Habari ya hasara iliyompata mkulima kwa uamuzi ule imeelezwa mara nyingi, nami sirudii. Naongeza dogo moja tu ambalo haliandikwi katika taarifa: gari ambalo mwenyekiti wa chama aliweza kuombwa uso kwa uso jioni ya Ijumaa, sasa lilikuwa gari la ofisi iliyo mbali, na ombi lilihitaji barua. Sheria ya mwaka 1982 ilipovirudisha vyama vikuu, vingi vilirudi na madeni bila magari.

Miaka hiyohiyo petroli ikawa adimu. Baada ya bei ya mafuta kupanda katika dunia na baada ya vita ya Kagera ya 1978 na 1979, nchi haikuwa na fedha za kigeni, na ikapigwa marufuku magari ya binafsi kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana. Fikiri maana yake kwa mtu wa mpira. Mchezo huanza saa kumi. Aliyekwenda na gari lake ugenini Jumapili alilazimika kulala huko mpaka Jumatatu, au akae nyumbani. Hivyo michezo mingi ya mbali ilisogezwa Jumamosi, na mahali pengine baiskeli ilirudi katika heshima yake. Waliokuwa vijana wakati ule husema kwamba hawajawahi kuipenda timu kama walivyoipenda miaka ile ya kukosa kila kitu. Labda ni uzee unaosema. Lakini ni kweli kwamba mtu aliyeendesha baiskeli kutoka Rudewa hadi Kilosa, akashangilia, na akarudi gizani, hakuwa mtazamaji wa kupita.

Mikumi ina historia yake ya pekee, kwa kuwa mji huu umekaa juu ya barabara kuu ya kwenda Zambia. Wazungu wachache wa Rhodesia ya Kusini walipojitangazia uhuru mnamo Novemba 1965, Zambia ilihitaji njia nyingine ya kupitisha mafuta na shaba yake, na barabara ya udongo iliyopita Mikumi ikajaa malori usiku na mchana, mpaka ikajengwa upya na kutiwa lami. Mji uliochukua jina la miti ya mivumo ukawa mji wa madereva, hoteli na mafundi wa magari. Timu za Mikumi zikawa na bahati ambayo Kilosa haikuwa nayo: lifti. Kijana wa Mikumi aliyetaka kwenda Morogoro kuitazama timu yake alisimama barabarani na kupunga mkono, na mara nyingi alifika kabla ya wachezaji wenyewe.

Lakini bahati hiyo ina mlango wa pili. Kati ya Mikumi na Morogoro barabara hupita katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, kwa muda wa kilomita zipatazo 50. Wageni kutoka nchi za mbali hulipa fedha nyingi kuwaona tembo na twiga wa pale. Washabiki wetu huwaona bure, wala hawawatamani. Mchezo wa Morogoro huisha karibu na magharibi. Gari la timu huingia hifadhini giza likiwa limekwisha kufunga, saa ambayo nyati na tembo huvuka barabara, na mwendo wa magari umewekewa mipaka, na anayegonga mnyama hutozwa faini kubwa. Dereva mwenye akili hupunguza mwendo. Washabiki walioshinda humtaka akaze, washabiki walioshindwa hulala. Kwa sababu hiyo watu wa Mikumi wana msemo wa utani kwamba ni heri kushindwa Morogoro, safari ya kurudi huwa salama zaidi.

Hatari hii si ya mzaha. Lori la mizigo halikutengenezwa kubeba watu, na sheria hairuhusu, lakini kwa miaka mingi washabiki wa timu ndogo wamesafiri kwa kusimama juu ya chuma na kushikana mabega, kwa sababu basi lilikuwa ghali. Wala si washabiki wa timu ndogo peke yao wanaopatwa na mabaya. Mei 2017, siku moja baada ya fainali ya Kombe la Shirikisho iliyochezwa Dodoma, gari lililowabeba mchezaji wa Simba na washabiki lilipata ajali Dumila, katika wilaya yetu hii, na shabiki mmoja akapoteza maisha. Kila gari la mpira linalopita Dumila baada ya hapo hupita mahali pale. Ningependa kila mwanachama mwenye mtoto anayefuata timu amwulize, kabla ya kumpa nauli, wanakwenda kwa gari gani na nani dereva.

Maji nayo yameamua michezo mingi kuliko waamuzi. Mkondoa ni mto mkali. Mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010 ulivunja kingo zake, ukaingia mjini Kilosa, ukawafukuza maelfu ya watu majumbani mwao, na ukaifagia reli kati ya Kilosa na Gulwe hata treni za abiria za kwenda bara zikawa zinaanzia Dodoma. Januari 2014 mafuriko mengine yakaikata barabara kuu ya Morogoro na Dodoma pale Dumila. Katika misiba ya namna hiyo hakuna anayeuliza ratiba ya ligi. Lakini ulizeni jinsi mji unavyojua kwamba umepona, na wengi watawaambia ni siku vijana walipokwenda tena kucheza mahali pengine, wakarudi.

Nimefika penye kiini, nacho ni fedha. Safari moja ya ugenini katika ligi ya mkoa huhitaji gari la timu, chakula cha wachezaji na viongozi kumi na wanane au ishirini, maji, dawa ya misuli, malipo ya mwamuzi kwa kadiri ya masharti ya chama cha mpira, na akiba ya mafuta au gurudumu likipasuka. Mapato ya mlangoni katika viwanja visivyo na ukuta ni madogo mno; mtu husimama nyuma ya kamba na kutazama mchezo uleule. Kwa hiyo fedha hutoka katika daftari. Daftari la michango la timu ya kijiji ni kitabu cha kusomwa kwa heshima. Ndani yake kuna mwalimu aliyetoa, mwenye duka aliyeahidi, mama lishe aliyetoa sufuria ya wali badala ya fedha, mkulima aliyeandikwa "debe moja la mahindi," na mtu ambaye jina lake lina alama ya kuuliza kwa miaka mitatu.

Timu ambazo zimedumu ni zile ambazo mtunza fedha wake alisimama Jumapili iliyofuata, mbele ya watu, akasoma kilichoingia na kilichotoka hata nauli ya mtu mmoja. Timu zilizokufa, nyingi hazikufa kwa kufungwa. Zilikufa siku watu walipouliza na hawakujibiwa. Mkaguzi yeyote wa vyama vya msingi ataitambua hadithi hiyo. Kuna pia gharama moja ambayo haijapata kupata stakabadhi tangu mpira uanze, yaani matumizi ya ile inayoitwa kamati ya ufundi. Wasomaji wanajua ninachosema. Wazee wawili wenye mfuko mweusi hupewa viti vya mbele katika gari wakati mlinda mlango amesimama, na fedha zao hutangulia kulipwa. Mimi naona kwamba fedha ile ingenunua mipira miwili na viatu, lakini nimeshindwa katika ubishi huu katika vijiji vitatu, na sasa nanyamaza.

Kina mama hawakutajwa sana katika maandishi ya zamani ya mpira, na ni upungufu. Safari nyingi zilisimama kwa sababu yao. Ndio waliopika alfajiri, waliobeba chakula cha njiani, waliouza vitumbua na maji kiwanjani ugenini na kurudi na faida iliyolipa nauli ya wengine. Vigelegele vyao vilisikika ng'ambo ya kiwanja kuliko ngoma.

Je, safari hizi zimetufikisha wapi? Mkoa wetu haukosi fahari. Ligi ya taifa ilianza mwaka 1965, na kwa miaka kumi ubingwa haukutoka Dar es Salaam, mpaka mwaka 1975 Mseto ya Morogoro ilipouchukua. Mwaka 1999 na tena 2000 Mtibwa Sugar, timu ya kiwanda cha sukari kule Turiani, ilikuwa bingwa wa nchi, na vigogo wakalazimika kusafiri hadi Manungu, katikati ya miwa, kutafuta pointi. Wakulima wa pamba nao wana cha kusema: Pamba ya Mwanza, iliyochukua jina la zao lenyewe, iliiwakilisha nchi katika Kombe la Washindi la Afrika mwaka 1990. Moshi kuna uwanja unaoitwa Ushirika. Mambo haya hayakutoka mawinguni. Yalitoka mahali ambapo watu wa kazi moja walikuwa na mfuko mmoja na gari.

Hata hivyo tusijidanganye. Tangu televisheni ilipoanza Tanzania Bara mwaka 1994, kijana wa Kimamba anaweza kukaa katika kibanda na kuona mchezo wa Uingereza kwa bei ndogo kuliko nauli ya kwenda Kilosa. Wengi wamechagua hivyo. Siwalaumu, ila naona tofauti. Katika kibanda hujui jina la mtu aliyekaa mbele yako. Katika gari la ugenini unajua jina lake, shamba lake, deni lake, na kama ataweza kukudhamini.

Ndiyo sababu swali la timu limefika mara kwa mara katika mikutano ya vyama, na litafika tena: je, ushirika utoe fedha kwa ajili ya safari za mpira? Wapo wanaosema fedha ya mkulima ni ya mkulima, na kila shilingi iliyotolewa kwa mchezo ni shilingi iliyopunguzwa katika bei ya kilo. Hoja hii ina nguvu, na anayeipuuza hajapata kusubiri malipo ya mazao yake. Wapo wengine wanaokumbusha kwamba Shirikisho la Ushirika la Kimataifa, lilipokutana Manchester mwaka 1995, liliweka kanuni ya saba, ya kuijali jamii, na kwamba kijana asiye na sababu ya kupenda kijiji chake hatabaki kulima ndani yake. Mimi niko upande huu wa pili, kwa masharti. Kwanza, isitolewe hata senti kabla mkulima hajalipwa. Pili, itolewe kutoka katika ziada, kwa azimio la mkutano mkuu, si kwa neno la meneja wala kwa shangwe ya mwenyekiti anayekaribia uchaguzi. Tatu, itolewe kwa gari, si kwa fedha mkononi: basi lenye bima, dereva mwenye leseni, safari za ratiba zilizojulikana. Fedha mkononi huenda kwenye mfuko mweusi wa wale wazee wawili.

Wakati tunabishana, njia zinabadilika. Tangu Julai 2024 treni ya umeme ya reli mpya inakwenda kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma na ina stesheni Kilosa, na safari ya Morogoro, iliyokuwa kazi ya siku nzima kwa babu zetu, imekuwa ya dakika chache. Lakini tiketi ni ya kila mtu peke yake, na ngoma haipigwi ndani. Timu za ligi ya wilaya zingali zinakwenda Ulaya, Kidodi na Ruaha kwa Coaster na Fuso za kukodi, zikiondoka alfajiri kutoka sokoni. Wakati wa kurudi kuna desturi ambayo wenye busara hawajaiacha: katibu husimama mlangoni na daftari lilelile la michango, anasoma majina, na kila mtu huitika. Asiyeitika hutafutwa. Wachezaji hukaa ndani wamechoka, mvua inaweza kuwa imeanza, dereva hupiga honi, na gari haliondoki mpaka jina la mwisho limepatikana.